Hilux ya 1994 inagoma kuwaka ikijisikia, mafundi watatu majibu matatu

#1 Mbande Junction
Wakuu kwema? Niko Mbande hapa, nina Hilux ya 94, injini 3L ya dizeli, gia ya mkono, betri moja N70. Shida yake ni moja tu ila imenichosha. Kuna siku unageuza funguo inawaka kabla hata hujaachia, na kuna siku unageuza inasema "tak" halafu kimya. Taa za dashibodi zipo, honi inalia, redio inaimba, selfu (ile mota ya kuzungusha injini iwake) haizunguki. Unarudisha funguo unageuza tena, tak. Tena, tak. Unashuka unafungua boneti unaangalia angalia tu hujagusa kitu, unarudi ndani, inawaka kama haikuwa yenyewe.

Mara nyingi inanifanyia nikitoka na mzigo, nimetoka Kongwa na alizeti nasimama Kibaigwa kidogo nikirudi imegoma, nikisema basi ni joto inagoma asubuhi ya mwezi wa saba imelala nje na baridi lote lile. Fundi wa kwanza kasema betri, nikanunua mpya. Wa pili kasema selfu, akashusha, akabadilisha kaboni (vile vipande vya kupeleka umeme ndani ya mota) akapiga msasa, ikatulia kidogo ikarudia. Wa tatu akazunguka gari mara mbili akasema "hii ina shoti", akachukua hela ya kuangalia akaondoka. Natanguliza shukrani.

#2 Siti ya Mbele
Nimewahi siti ya mbele, wataalamu wanakuja.

#3 Kizota Boy
Betri hiyo mkuu. Usidanganyike na neno mpya, kuna betri zinakaa dukani hadi zinachoka kabla hujaziona. Tafuta mita ya umeme, gari ikiwa imelala usome asubuhi kabla hujafungua hata mlango, volti 12.6 iko vizuri, ikisoma 12.2 hapo ni nusu tayari. Halafu iwashe usome tena, inatakiwa 13.8 hadi 14.4, chini ya hapo oltaneta haichaji.

#4 Mama Alizeti
Mbande pole kaka. Mimi nina Canter ya mzigo ilikuwa hivyo hivyo, dereva wangu alikuwa anashuka na jiwe anagonga kichwa cha waya wa betri, tak tak, anapanda anawasha, akaona ndo ufundi. Nikamuuliza kwa nini unagonga akasema mama hii gari imezoea. Siku moja nikamwambia fungua hicho kichwa nikione. Kwa nje kilikuwa safi, kimekaza, hakichezi. Alipokitoa ndani ya tundu kulikuwa na ukoko mweusi unang'aa umezunguka nguzo yote ya risasi, na kwenye waya unapoingilia ule unga wa kijani. Maji ya moto, magadi soda, msasa kidogo, kukaza na spana namba 10, mpaka leo hiyo shida sijaiona. Jiwe nilimwambia alitupe.

#5 Ngosha
Mnahangaika bure, hayo ni mafuta machafu. Huko barabarani mnanunua dizeli ya madumu, ina maji na mafuta ya taa humo humo. Mwaga tenki safisha.

#6 Fundi Spana 10
Ngosha soma uzi kwanza. Kasema selfu HAIZUNGUKI. Mafuta yawe machafu yawe masafi, hata tenki likiwa kavu kabisa, selfu inatakiwa izungushe injini, injini ndo isishike. Hayo ni magonjwa mawili tofauti na watu wengi humu wanayachanganya halafu wanabadilisha spea ovyo. Gari inayozungusha ila haishiki unaangalia mafuta, upepo kwenye mpira wa mafuta, hita za kupasha silinda, solenoidi (sumaku ya umeme) ya kuzima iliyo kwenye pampu. Gari isiyozungusha kabisa unaangalia umeme wa selfu, basi. Na huo umeme njia zake ni mbili tu: waya mnene unaotoka betri kwenda selfu moja kwa moja, na waya mwembamba unaotoka kwenye swichi ya funguo kwenda kuishtua ile solenoidi iliyopanda juu ya selfu.

Mbande fanya hivi. Siku ikigoma, usishuke, washa taa kubwa ukiwa unaangalia ukutani, geuza funguo uishikilie. Taa zikizimika au zikafifia sana, umeme unavutwa ila hautoshi, rudi kwa Kizota Boy na Mama Alizeti. Taa zikibaki vile vile kama hujafanya kitu, umeme mkubwa haujafika kabisa kwenye mota, hapo tunaongea mengine.

#7 Ngosha
Sawa mwalimu. Ila dizeli ya madumu haifai na hilo halijakataliwa.

#8 Siti ya Mbele
Hata sasa hivi tangu EWURA (wasimamizi wa mafuta) waanze kuweka vinasaba, zile alama za siri kwenye mafuta, mwaka 2010 bado kuna watu wanachanganya?

#9 Ngosha
Vinasaba viko kwenye mafuta ya kituo. Dumu la chini ya mwembe nani kaliwekea vinasaba?

#10 Mhandisi Mstaafu
Habari za jioni. Fundi Spana 10 ameeleza vizuri ila ametaja njia mbili na zipo tatu. Umeme ukienda lazima urudi. Unaenda kwa waya wa chanya, unarudi kwa mwili wa injini kupitia waya wa ethi hadi hasi ya betri. Hizi pikapu za zamani waya wa ethi umefungwa kwenye chuma cha injini au cha gia boksi, chini kabisa, unapokea vumbi, tope, oili na maji ya kuoshea gari miaka thelathini na hakuna fundi anayeinama kuuangalia. Taa na redio zinapata ethi yao kwingine kwenye bodi, ndo maana kila kitu kinafanya kazi isipokuwa selfu, maana taa inataka ampea chache na selfu ya dizeli inataka mamia.

Kipimo chake hakihitaji kushusha kitu. Weka mita kwenye volti ya DC, ncha moja kwenye nguzo ya hasi ya betri (kwenye risasi yenyewe, sio kwenye kichwa cha waya), ncha nyingine kwenye chuma kitupu cha injini. Mtu ageuze funguo. Mita ikisoma 0.2 hivi ethi ni nzima, ikisoma volti 1, 2 na kuendelea, hizo zinapotelea njiani na selfu haizipati. Rudia upande wa chanya, kutoka nguzo ya betri hadi ile nati kubwa ya selfu, isizidi nusu volti. Kipimo kifanyike IKIWA IMEGOMA. Ukipima ikiwa nzima utapata majibu mazuri na gari itakugomea kesho yake.

#11 Veyula Mjini
Mzee hapo mwisho ndo penyewe. Gari ikimwona fundi inapona. Mimi yangu niliipeleka gereji ikawaka siku nzima, fundi akaniangalia kama nimetafuta sababu ya kutoenda kazini.

Swali kwa Mbande, hiyo gari ina alamu? Zile za kufunga mtaani zenye rimoti. Wanakata ule waya mwembamba wa selfu wanapitisha kwenye rilei (swichi inayoshtuliwa na umeme) ya alamu chini ya dashibodi, wanauunganisha kwa kusokota na kuzungushia tepu. Miaka ikienda tepu inalegea, waya unapata moto, gari inaamka na akili zake. Yangu ilikuwa hivyo, walipotoa uchafu wote ule na kuunganisha waya wa kiwandani ikawa imeisha.

#12 Mbande Junction
Asanteni sana wakuu. Nimefanya ile ya taa ya Fundi Spana 10 jana jioni ilipogoma sokoni, taa zimefifia KIDOGO sana, si kuzimika. Sasa hiyo naiweka upande gani? Betri asubuhi 12.5, ikiwaka 14.1. Alamu ilikuwepo ya mwenye gari wa kwanza, rimoti sijawahi kuiona, na chini ya usukani kuna kiboksi cheusi na waya kibao zimening'inia. Fundi wa pili aliviona akasema viache.

#13 Veyula Mjini
Aliona akasema viache!! Aisee.

#14 Kizota Boy
12.5 na 14.1 sawa betri nimeiacha. Nina selfu ya 3L used kutoka Japani, haijafunguliwa, anayehitaji aje PM.

#15 Fundi Spana 10
Kufifia kidogo maana yake solenoidi inavuta, mota haipati. Hiyo kwangu ni visahani vya shaba na sina haja ya kuzunguka sana. Nieleze maana wengi hawajawahi kuifungua. Hizi selfu za Denso za Toyota zina kifuniko cha duara nyuma, skrubu tatu. Ukifungua unakuta pistoni yenye pete ya shaba mbele, na pembeni vipande viwili vya shaba vimekunjwa, kimoja kimeshikwa na nati ya betri, kingine cha kwenda kwenye mota. Ukigeuza funguo pistoni inaruka, ile "tak" mnayoisikia ndo yenyewe imefika, pete inatakiwa ibane vipande vyote viwili kwa pamoja umeme upite. Kila ukiwasha kuna cheche pale. Baada ya miaka upande mmoja, kawaida ule wa betri, unalika hadi unakuwa mwembamba kama ukucha na umechongoka, upande mwingine bado mnene. Sasa pistoni inafika lakini pete inagusa upande mmoja tu. Leo ikigusa kwa bahati inawaka, kesho tak.

Fundi wa pili alibadilisha kaboni akapiga msasa. Shaba iliyolika ukiipiga msasa unaipunguza zaidi. Ikatulia kidogo kwa sababu uso ulikuwa safi, ikarudia kwa sababu unene haukurudi. Hivyo vipande vinauzwa viwili viwili, bei yake haifikii hata robo ya selfu used ya Kizota Boy.

#16 Kizota Boy
Fundi usiniharibie biashara tafadhali 😂

#17 Mama Alizeti
Fundi kwa maelezo haya nimeielewa selfu kuliko dereva wangu.

#18 Chipogolo
Ngojeni mimi niongeze. Nilikuwa na Hilux ya injini 2L nafuata samaki Mtera, ilikuwa ikigoma naweka gia ya tatu, tunaisukuma mbele kidogo nyuma kidogo mpaka injini isogee, narudisha frii, inawaka. Fundi wa Iringa aliniambia ni meno ya flaiwili (gurudumu la injini linalozungushwa na selfu) yameisha upande mmoja. Mbande jaribu hiyo.

#19 Siti ya Mbele
Na ile switchi ya frii? Nimesoma gari nyingine zisipokuwa frii haziwashi kabisa.

#20 Mhandisi Mstaafu
Siti ya Mbele hiyo ni ya otomatiki. Yake ni gia ya mkono, aliandika mstari wa kwanza.

Chipogolo umeleta jambo zuri na nataka watu walishike. Ukiisogeza gari kwenye gia unazungusha flaiwili, HUZUNGUSHI selfu, kwa sababu meno ya bendiksi (gia ndogo ya selfu) yamerudi ndani mpaka ugeuze funguo. Kwa hiyo kama kusogeza ndiko kunakoiwasha kweli, ugonjwa uko kwenye meno kukutana, sio kwenye kaboni wala kwenye amecha (sehemu ya mota inayozunguka). Injini ya silinda nne ikizimwa inapenda kusimama sehemu zile zile mbili, ndo maana meno yanalika sehemu mbili na kwingine yanabaki mapya. Lakini meno yakilika utasikia kusaga au selfu kuzunguka peke yake kwa kelele. Mbande hakutaja kelele.

Na kama kugonga selfu kwa mpini wa nyundo ndiko kunakoiwasha, hapo ni kaboni au visahani vya Fundi. Kama kufungua boneti na kuangalia tu ndiko kunakoiwasha, naomba nipewe muda.

#21 Ngosha
😂😂😂 Inaogopa macho. Gari ya Wagogo hiyo, inataka isalimiwe kwanza. Mwambie Mbukwenyi.

#22 Mzee wa Hogoro
Ngosha tuheshimiane watani. Kongwa hapa mashine kugoma sio jambo la leo. Waingereza walileta mradi wa karanga mwaka 47 na matrekta kibao, mengine yametengenezwa kutokana na vifaru vya vita, yakafia huku huku kwenye udongo wetu. Baba yangu alikuwa akisema ardhi ikikauka inakuwa saruji, plau inakatika.

#23 Siti ya Mbele
Vifaru kabisa mzee? Hiyo ni chai.

#24 Mhandisi Mstaafu
Si chai. Yaliitwa Shervick, Vickers waliyatengeneza kutoka kwenye vifaru vya Sherman. Na mengine ya kawaida yalinunuliwa masalia ya vita kutoka Ufilipino, yamechoka tayari, spea hakuna, mafundi wanajifunzia hapo hapo. Mradi ulifutwa 1951, zikiwa zimepotea pauni milioni 36 hivi. Karanga zilizotoka zilikuwa aibu.

#25 Mzee wa Hogoro
Umeona sasa. Hilux ya 94 bado inapakia lumbesa mpaka leo, ipongezwe.

#26 Dr Gasketi
Nimesoma uzi wote na hakuna aliyesema hili. Mkuu unapunguza maji kwenye rejeta? Maana injini ikiwa na gasketi inayovuja, maji yanaingia kwenye silinda gari ikiwa imesimama, na maji hayabanwi. Ukigeuza funguo selfu inakutana na ukuta, inasema tak na kuganda. Maji yakishuka taratibu kwenye pete za pistoni za injini inawaka baadaye kama hakuna kilichotokea. Nilishaona moja ikapinda konrodi (mkono wa pistoni) kwa kulazimishwa. Hizi injini za familia ya L zina historia ya silinda hedi, hasa ile 2L yenye tabo.

#27 Mbande Junction
Dr umenitisha. Maji naongeza kidogo kila baada ya muda mrefu, si kila siku.

#28 Fundi Spana 10
Dr usimlaze mtu na presha. Injini iliyobanwa na maji selfu ingevuta ampea za kufa mtu na taa zingezimika tii, yeye kasema zimefifia kidogo. Na ikiwaka ingetoa moshi mweupe na kutikisika. Mbande ukiwasha asubuhi kuna moshi mweupe wenye harufu tamu?

#29 Mbande Junction
Moshi upo ila wa kawaida wa dizeli ya zamani, harufu sijawahi kuinusa kwa makusudi.

#30 Dr Gasketi
Basi inusiwe. Sijasema ndo yenyewe nimesema hakuna aliyeitaja.

#31 Binti wa Mpwapwa
Samahani naingilia. Ya baba yangu ilikuwa Hilux ya petroli, tukagundua inagoma akiwasha yeye tu, mama akiwasha inawaka. Tulicheka sana. Kumbe baba funguo zake ana bonge la rundo, za nyumba, za godauni, za kanisa, na kifungua soda, miaka yote linaning'inia kwenye swichi linaivuta chini. Mama ana funguo moja na uzi mwekundu. Fundi akafungua sehemu ya umeme nyuma ya kitasa cha funguo, skrubu mbili tu, ndani shaba zimeungua nyeusi upande mmoja. Ikawekwa mpya. Mbande funguo zako zikoje?

#32 Mbande Junction
Dada umenishika. Nina rundo.

#33 Veyula Mjini
Swichi na alamu ni waya ule ule mwembamba. Narudia, kile kiboksi kitoke kwanza.

#34 Ally wa Nkuhungu
Mnajadili sana, dawa ya waya mwembamba ni moja. Weka rilei ya nyongeza ya ampea 40. Mguu wa 30 chukua betri kupitia fyuzi, 87 peleka kwenye kile kipini kidogo cha selfu, 85 ethi, 86 weka ule waya wa zamani uliokuwa ukienda selfu. Swichi yako inabaki kushtua rilei tu, haibebi mzigo. Nimewafungia watu wengi na wameacha kulalamika.

#35 Mhandisi Mstaafu
Inafanya kazi, sikatai. Ila kama visahani vimelika au ethi imeoza, rilei haitasaidia kitu, na kama swichi imeungua rilei itakuficha ugonjwa mpaka siku swichi itakapokufa kabisa uko Mtera usiku. Pima kwanza ndo ufunge.

#36 Ally wa Nkuhungu
Mzee siku ikifa anasukuma. Dizeli ya zamani inasukumika.

#37 Chipogolo
Inasukumika ukikumbuka kuacha funguo kwenye ONI. Kuna jamaa tulimsukuma karibu na bwawa mpaka tumelowa, funguo iko mfukoni kwake, anasema ya dizeli haihitaji. Ile solenoidi ya kwenye pampu bila umeme haipitishi mafuta hata tone.

#38 Ally wa Nkuhungu
Hilo kweli.

#39 Kizota Boy
Na joto je? Mbona mnalipita? Kasema akitoka na mzigo akisimama kidogo ndo inagoma. Selfu iko chini inaokwa, upepo haupiti tena gari ikisimama, shaba ya ndani ya koili ikiongezeka nyuzi 50 hivi upinzani unapanda kama asilimia 20, solenoidi inachoka kuvuta. Ikipoa inawaka.

#40 Fundi Spana 10
Kizota Boy leo umekuja na fizikia, nakupongeza. Ila selfu nzima inatakiwa istahimili hilo joto, ilitengenezwa kufanya kazi Dodoma na jangwani. Joto linamalizia kilichokuwa dhaifu tayari. Na ile asubuhi ya mwezi wa saba unaiweka wapi?

#41 Kizota Boy
Baridi mafuta ya injini yanakuwa mazito.

#42 Fundi Spana 10
Mazito inazunguka polepole, haisemi tak ikanyamaza.

#43 Mbande Junction
MREJESHO. Wakuu samahani kukaa kimya, nilikuwa shamba. Nimeanza na za bei rahisi. Vichwa vya betri nimesafisha kama alivyosema Mama Alizeti. Ethi nimeinama mwenyewe nimeiona, kwa juu ipo, nikaipasua ule mpira kwa wembe karibu na kichwa, ndani nyuzi za shaba zimekuwa kijani nyingi zimekatika, zilizobaki unaweza kuzihesabu. Nimeweka waya mpya mnene. Rundo la funguo nimelitenganisha. Gari ikawaka vizuri muda, nikajua nimepona nikataka nije kumshukuru Mhandisi hapa.

Jumamosi nimeenda mnada wa Msalato, nimekula nyama nimerudi kwenye gari, tak.

Bahati nilikuwa na mita na kijana wa kugeuza. Ethi imesoma 0.1. Upande wa chanya mpaka nati kubwa ya selfu 0.1 pia. Betri wakati ameshikilia funguo 12.1. Kile kipini kidogo cha selfu kimesoma 9.2. Nikapiga selfu na mpini wa nyundo haikuwaka, nikapiga tena ikawaka. Kiboksi cha alamu bado kipo.

#44 Mhandisi Mstaafu
Kazi nzuri sana, watu wangepima hivi magereji yangefungwa. Betri 12.1, kipini 9.2. Karibu volti 3 zimepotea kati ya betri na kipini, maana yake kwenye swichi, au alamu, au maungio yake. Waya mwembamba ndo mgonjwa. Toa kiboksi, halafu swichi.

#45 Veyula Mjini
NILISEMA. Toka #11 nilisema.

#46 Fundi Spana 10
Taratibu. Mzee hapo sikubaliani na nitaeleza kwa nini. Solenoidi ina koili mbili, ya kuvuta na ya kushikilia. Koili ya kuvuta ethi yake inapitia kwenye mota yenyewe. Visahani vikifunga vizuri, umeme wa betri unafika pande zote mbili za koili ya kuvuta, inaacha kutumia umeme, inabaki ile ndogo ya kushikilia. Visahani VISIPOFUNGA, koili zote mbili zinaendelea kuvuta ampea nyingi muda wote alioshikilia funguo, na lazima volti zishuke kwenye waya mwembamba wa miaka thelathini. Kwa hiyo hiyo 9.2 inaweza kuwa matokeo ya visahani kulika na si sababu. Na tak ameisikia, pistoni imefika. Na nyundo imeiwasha.

#47 Mhandisi Mstaafu
Hoja nzito. Lakini volti 3 kwa waya wenye afya ni nyingi hata koili zote zikivuta. Na pistoni inayovutwa kwa 9.2 inaweza kufika kinyonge isibane visahani sawasawa, hata vikiwa vizima. Nyundo inaisaidia kumalizia safari.

#48 Fundi Spana 10
Basi achukue waya kutoka chanya ya betri, aguse kipini kidogo moja kwa moja siku ikigoma. Gari iwe frii, hendibreki juu, na mtu asikae mbele yake. Ikizunguka kila mara, mzee umeshinda. Ikisema tak, visahani.

#49 Mhandisi Mstaafu
Nakubali kipimo hicho. Kifanyike mara kadhaa, si mara moja.

#50 Dr Gasketi
Na harufu ya moshi?

#51 Ngosha
Na dizeli ya madumu?

#52 Mbande Junction
Wakuu sasa haigomi. Toka Msalato inawaka kila nikigusa, natembea na kipande cha waya kwenye dashibodi nasubiri.

#53 Mama Alizeti
Pakia lumbesa uende Kibaigwa ukanywe chai, itagoma tu.

#54 Kizota Boy
Selfu bado ipo wakuu. Bei imepungua.

#55 Binti wa Mpwapwa
Kizota Boy hiyo inaingia kwenye 5L? Baba kahama petroli, sasa ana ya 5L na imeanza kusema tak.

#56 Fundi Spana 10
Usinunue. Kwanza mwambie mama awashe.